Ampli ya Gitare ya Magoti

Bukavu, Nyalukemba, tarehe 22 Februari 1976

Kaka yangu Floribert,

Unisamehe. Barua yako ya Noeli inangojea jibu tangu Noeli, na sasa Kwaresima iko mulangoni. Usifikiri nilikusahau. Nilikuandikia mara tatu. Barua ya kwanza Lucien aliikula. Sisemi aliichezea, aliikula, kuanzia «Kaka yangu» mpaka salamu za mama mukwe. Ya pili nililala juu yake, wino ikahamia ku shavu, asubuhi nikaenda soko na jina lako ku uso. Ya tatu bwana yangu Honoré aliifungia karanga. Hii ya ine ninaiandika nimesimama, mutoto mugongoni, karatasi juu ya kabati, mahali hakuna mutu wa nyumba hii anafika isipokuwa mimi na mende.

Tuko wazima. Emile ameanza kusoma, anasoma hata maandishi ya sanduku la sabuni, kwa sauti, tukiwa mu sala. Eulalie amepona surua. Lucien ana meno mawili na anayatumia. Honoré iko ku bureau kama kawaida, anakusalimia. Mama mukwe, Mama Agathe, alitoka kijiji chao cha Miti mwezi wa kumi kuja kutusaidia wiki mbili. Bado anatusaidia. Analala mu salon, mu chumba cha kupokelea wageni.

Sasa neno lenyewe. Unakumbuka Mademoiselle wa Waprotestanti, ule Mwamerika nilikuwa ninamupigia barua ku mashine mbele ya kuzaa Emile? Amerudi kwao kabisa, na ameniachia gitare yake. Usiwaze gitare ya kushika mu mikono. Hii iko na miguu ine kama meza, kamba kumi, na unakaa mbele yake. Mukono wa kuume unapiga kamba, wa kushoto unatembeza chuma juu yake. Chini kuna pedale tatu za miguu, na vyuma vingine vya kusukuma na magoti, huku na huku. Kila kitu ya mwili iko na kazi. Mademoiselle alinifundisha miaka mbili, wakati wa mapumziko, na sikukuambia juu ungelicheka.

Ampli yake, ile mashine ya kukuza sauti, radi iliipiga mwaka jana. Sanduku lake niko nalo, lakini imekufa. Na bila ampli, kaka, hii gitare inalia kama mubu wa usiku. Ninaweka sikio ku mbao ili nijisikie mwenyewe.

Wewe uko fundi wa ampli pale Kinshasa. Unichagulie moja. Iwe ndogo, iingie chini ya kitanda. Isiamushe watoto. Ikubali umeme wa huku, unaokuja na kurudi kama mugeni asiyejua kuaga. Nisikilize vizuri: mu hii nyumba kila kitu ni cha watoto, cha bwana ao cha mukwe. Gitare hii njo kitu kimoja changu.

Mudogo wako,
Jeanine


Kinshasa, Matonge, le 28 mars 1976

Mudogo wangu mupenzi,

Ku enveloppe, vile serikali imekataza majina ya wazungu, uko Citoyenne Cibalonza, hapa ndani uko Jeanine, basi tusalimiane. Mbote mingi. Mimi niko muzima, orchestre yetu ya muziki iko muzima, atelier yangu ya ufundi iko muzima. Nimenenepa kidogo. Umwambie Mama Agathe kama ninamuheshimu sana na asiniletee tena ile habari ya kuoa.

Gitare ya pedale! Mudogo, unajua uko na nini? Hapa Kinshasa yote sijaona hata moja. Nilisoma barua yako mbele ya wenzangu, mutu mumoja akaangusha pombe.

Lakini umekosea ku ampli. Unataka ndogo ili isipige kelele. Ni kinyume. Gitare ya kawaida, ampli ndogo ikikoroma, watu wanacheza, wanafikiri ni furaha. Yako haikubali kukoroma hata kidogo, itakuwa kama mutu anaimba Ave Maria na chakula mu kinywa. Tena mguu wako wa kuume uko ku pedale ya sauti, si ndiyo? Unapiga kamba huku umefunga, halafu sauti ikitaka kufa unafungua polepole, inaendelea kuishi. Ile nguvu ya kuiendelesha inatoka wapi? Inatoka ku ampli yenye nguvu ya akiba. Kwa hiyo: wati themanini, ya lampe, zile taa za kioo za ndani, si ya transistor, na bafle moja kubwa, ile spika ya mbele, ya inchi kumi na tano. Ampli kubwa, upige nayo kidogo. Njo hesabu.

Sasa, ampli haichaguliwe kwa barua kama vile bibi wa zamani. Lazima gitare na ampli zikutane. Unitumie gitare hapa. Nitaijaribu wiki mbili, tatu, na ampli mbalimbali, halafu nitakutumia vyote viwili.

Uifunge vizuri mu mablanketi.

Kaka yako,
Floribert


Bukavu, tarehe 2 Mei 1976

Kaka,

Aksanti kwa barua na kwa masomo. Tuko wazima, isipokuwa jino la tatu la Lucien, na hilo linatuumiza sisi wote. Emile ameuliza padri wetu, Abbé Philémon, kama Adamu alikuwa na kitovu. Abbé alisema ataandika Roma.

Ampli kubwa ili nipige kidogo. Sawa. Unaniambia nifuge ng'ombe ili ninywe kikombe kimoja cha maziwa. Lakini wewe njo fundi, ninakubali: lampe, wati themanini, inchi kumi na tano.

Gitare haitoki hapa. «Wiki mbili, tatu.» Mama mukwe pia alisema wiki mbili.

Nikuelezee tulivyojaribu. Abbé Philémon, ule anaongoza parokia yetu, ananipenda juu nilimupigia ratiba ya Pasaka ku mashine bila kosa. Alikubali nifunge gitare ku haut-parleur ya kanisa, ile kama ua kubwa la chuma inaning'inia inje. Ilikuwa siku ya tatu, mangaribi, wakati wa mazoezi ya chorale. Nilipiga kamba moja tu, nikateremusha chuma polepole, vile Mademoiselle alinifundisha. Kaka, sauti ilitoka, ikateremuka mpaka ku ziwa. Kisha dakika kumi wakaingia mama sita, vikwembe wamefunga ku kiuno, wanalia tayari.

«Ni nani amekufa?» wakauliza.

«Hakuna mutu. Ni gitare.»

«Gitare ya nani? Alikuwa mugonjwa?»

Walikuwa wamekwisha kulia, haikuwezekana kuwarudisha hivi hivi. Tuliwapa chai. Mumoja alibaki mpaka usiku, alisema machozi yamekwisha kufunguka, basi amulilie ndugu yake aliyekufa mwaka jana. Abbé amefunga haut-parleur na kufuli.

Neno la pili ni magoti. Mama Agathe aliniona ninapiga, magoti yanaenda huku, yanarudi huku, mbele ya wababa waimbaji wa chorale. Alinivuta inje. «Bibi ya mutoto wangu hafungui magoti kama mulango wa bar.» Nikamwambia, Mama, ni magoti njo yanageuza sauti. Akasema hata sauti iko na adabu. Basi nimeshona kitambaa cheupe kinachozunguka gitare yote mpaka chini. Magoti hayaonekani tena. Lakini sasa, ikikaa mu kanisa, iko kabisa kama altare ndogo. Wazee wanapita wanapiga goti. Siku ya Mungu iliyopita nilikuta juu yake mayai mane na mushumaa.

Cheka, lakini kisha kucheka usome hii. Tukiirudisha nyumbani, mama mukwe anagonga muguu ku ile gitare kila usiku mu salon. Amesema mbele ya Honoré: siku ya Asomption, Kupalizwa kwa Mama Maria, watu wa Miti wote watakuja misa hapa. Kama siku ile haijasema mbele ya watu, sauti ya kusikilika na isiyoita watu matanga, itakuwa meza ya pasi. Na Honoré, bwana yangu wa ndoa, akaiangalia, akasema kwa kweli urefu unafaa.

Basi uko na mpaka tarehe kumi na tano ya mwezi wa munane. Uchague, ufunge, utume.

Jeanine


Kinshasa, le 6 juin 1976

Mudogo,

Salamu kwa wote, meno yote pamoja. Mimi niko vizuri, niko na kazi mingi, ninaandika mbiombio.

Nimepata. Ya Amerika, lampe sita, wati themanini, ukiigusa unasikia joto kama mugongo wa mama. Iko na ile sauti ya pango inayoitwa réverbe. Tena nimeifungia transfo ya kupunguza umeme, juu hii inakunywa umeme wa 110 na huko wenu ni 220. Ukisahau transfo, utakuwa na radi ya pili.

Binamu yetu Venant anarudi Bukavu kisha mitihani yake, ataileta mu ndege mpaka uwanja wa Kavumu. Bafle tu njo itabaki hapa kidogo. Iko na unyevu. Ninaianika.

Usiwashe ampli bila bafle! Lampe zitaungua, na hapo hata mimi sitaweza kitu.

Venant akirudi Kinshasa, umupe gitare. Président wa orchestre anaulizauliza itafika siku gani. Namna tu ya kuulizauliza.

Floribert


Bukavu, tarehe 18 Julai 1976

Kaka Floribert,

Tunamushukuru Mungu, tuko wazima. Eulalie alimeza kifungo, kimetoka, tumekirudisha ku shati. Mama Agathe anakusalimia na anauliza unangojea nini kuoa.

Venant amefika. Sanduku limefika. Transfo iko. Lampe ziko sita, nimezihesabu. Na mbele, pahali pa bafle, pako shimo la mviringo, kubwa, kama kinywa cha mutu aliyeitwa kusoma waraka na hakuleta miwani. Emile aliingiza kichwa, akatusomea habari kama radio.

Nikamushika Venant. «Bafle iko wapi?»

«Kaka Floribert anasema iko na unyevu.»

«Kinshasa, mwezi wa saba, jua lote lile? Mvua ya wapi?»

Venant aliangalia viatu vyake. Ni mutoto mwema, hajui kudanganya, na kwa hiyo aliomba ruhusa ya kwenda choo na akatorokea dirishani.

Kaka, mimi niko na watoto watatu. Kila siku kuna mutu ananiambia si yeye aliyekula sukari. Bafle haina unyevu. Umeifunga kama vile mutu anafunga ndama ili mama wa ndama arudi. Unataka gitare yangu. Unieleze juu ya nini, kwa maneno ya kweli, na unieleze mbio. Zinabaki siku makumi mbili na munane, na jana mama mukwe amenunua makaa ya pasi.

Sikasiriki. Nimechoka tu, na nikichoka ninaona vizuri.

Mudogo wako


Kinshasa, le 1er août 1976

Jeanine,

Tuseme tumesalimiana.

Ile siku nilisoma barua yako ya kwanza mbele ya wenzangu, Président akauliza, «Na nani anajua kuipiga?» Nikafungua kinywa kusema «mudogo wangu». Kinywa kikasema «mimi».

Mudogo, ilikuwa neno moja. Lakini neno moja mu orchestre linakula na kunywa, linanenepa. Wakaniuliza inapigwa ginsi gani. Nikawaonyesha, ku meza ya pasi ya mama mwenye nyumba ninayopanga. Magoti huku, magoti huku. Wakashangaa. Mupiga picha alikuwepo. Sasa kuna picha yangu na meza ya pasi, nimefunga macho kama mutu anasikia utamu, na imebandikwa ku mulango wa bar pamoja na tarehe: 30 Agosti. Wamenishonea costume. Ni satini ya njano, nyota ku mabega, jina «Floribert Pedale» ku mugongo. Kila mangaribi ninafanya mazoezi ku ile meza. Nimefika mbali sana. Inabaki sauti tu.

Unitumie gitare, nitakutumia bafle. Tafazali. Kisha 30 Agosti nitakurudishia, ninaapa ku kaburi la baba.

Kaka yako anayeona haya


Bukavu, tarehe 18 Agosti 1976

Kaka yangu mupenzi,

Usiape ku kaburi la baba, amechoka pia. Sisi tuko wazima, Lucien amesimama peke yake siku ya tano, akaanguka siku ya tano hiyo hiyo. Honoré anakusalimia. Nilicheka sana juu ya meza ya pasi mpaka maziwa yakatoka, na siku nyingine nitakulilia. Leo hapana. Leo nikuelezee Asomption.

Barua yako ilifika tarehe kumi na mbili. Nikasema: bafle haiji, gitare haiendi, siku ziko tatu. Nikaangalia sanduku la ile ampli ya Mademoiselle, ile iliyokufa. Radi ilipiga lampe na nyuzi, lakini je, iligusa bafle? Nikachukua kisu cha kumenya viazi, nikafungua. Bafle ilikuwa nzima kabisa, na buibui ndani, mama wa watoto wengi kama mimi. Nikamuomba ahame.

Lakini ilikuwa ya inchi kumi na mbili, na shimo lako la kumi na tano. Ilipita ndani kama mutoto mu viatu vya baba. Ilihitaji kitu cha mviringo, kigumu, chepesi, cha kufunga shimo na kuishika kati. Nilizunguka nyumba yote. Kaka, mu hii nyumba kilikuwa kitu kimoja tu cha namna hiyo, kinaning'inia ku ukuta wa jikoni: lungo mupya ya Mama Agathe ya kupepetea unga, ile alisukiwa Miti na dada yake mwenyewe.

Nilifanya alama ya musalaba, nikaitoboa.

Honoré alinikuta nimeshika kisu. Aliangalia lungo, akaangalia mimi, akasema, «Mimi sikuingia jikoni leo.» Lakini alirudi na mupira wa baiskeli yake ya zamani, akaukata vipande, tukafunga lungo ku ampli pamoja, kimya, kama watu wanaozika mbwa ya jirani. Mama mukwe alikuwa ku sala za novena. Nilifunika yote na kitambaa cheupe.

Siku ya misa, watu wa Miti walijaa viti vya mbele. Abbé Philémon alikuwa karibu na mimi, na mavazi mapya meupe na bluu. Wakati wa matoleo akanipa ishara na kichwa. Lucien mugongoni, magoti chini ya kitambaa, nikafungua pedale ya sauti polepole na muguu.

Floribert, ulisema kweli. Ampli kubwa, kupiga kidogo. Sauti haikupiga kelele. Ilijaza kanisa kama maji yanavyojaza beseni, bila mutu kuona yanatoka wapi. Hakuna aliyelia matanga. Lucien alilala hapo hapo, kichwa ku bega langu, na mimi nikasahau nimechoka. Sijui hata kama ilikuwa dakika ngapi.

Halafu nikapiga kamba ya kumi, ile nene ya chini. Lungo ikatetemeka. Na mu lungo, kaka, mulikuwa bado unga wa muhogo, umejificha katikati ya masuko. Ukatoka wote mara moja. Wingu likapita kitambaa, likapanda juu, likashuka juu ya Abbé Philémon. Mavazi, nywele, miwani. Wazee wakapiga goti, walifikiri ni ubani.

Mama Agathe hakupiga goti. Anajua unga wake. Nilimuona anainua pua, mara moja, mara mbili. Akatoka ku kiti, akaja mpaka mbele, watu wote wanaona, akafunua kitambaa.

Nikaendelea kupiga, juu ningefanya nini? Aliangalia lungo yake, na tundu kati, na sauti inatoka ndani. Aliweka mukono juu yake. Nilingoja anipige.

Mama mumoja wa Miti akauliza nyuma, kwa sauti, «Lungo ya nani hiyo inaimba hivi?»

Mama mukwe akageuka. Akajinyoosha, mrefu kuliko nilivyopata kumuona.

«Ni yangu,» akasema. «Ilisukwa na dada yangu. Mulifikiri ni ya nani?»

Tangu ile siku gitare imehamia upande wa dirisha, na kitanda chake Mama Agathe amekisogeza mwenyewe. Pasi inapigwa ku meza ya kula. Jana jirani alikuja kuuliza kama tunaweza kuazima ile kitu kwa harusi, mama mukwe akamujibu kama lungo yake haiazimwe na haisafiri. Sasa nimueleze nani habari ya Kinshasa? Si mimi tena ninayekatalia. Wewe uandikie Mama Agathe, kama uko na moyo huo.

Kwa hiyo, kaka, upande wako. Useme kweli mbele ya tarehe makumi tatu. Uende kwa Président, umwambie kinywa kiliteleza, mupigaji ni mudogo wako, iko Bukavu na ananyonyesha. Watakucheka wiki moja. Wakikucheka wiki mbili, uje hapa. Utalala mu salon na Mama Agathe, nitakufundisha kweli, na magoti yako yamekwisha kujua nusu. Ninakupenda kabisa, na gitare haipande ndege.

Mudogo wako,
Jeanine Cibalonza

Nimeweka sahihi mbele ya kumaliza, Lucien amelia. Vitu ninavyongojea bado, umupe Venant akirudi huku Noeli:

Bafle ya inchi kumi na tano, kavu vile iko, na screw zake munane. Si saba.

Lampe mbili za akiba, zifungwe mu soksi zako, soksi zioshwe kwanza.

Fusible kumi, zile fyuzi ndogo za kioo.

Kamba ya tatu, ile nyembamba, sita. Inakatika kila mara ninapobonyeza pedale ya kati.

Viatu vya mwanamume, namba 38, chini laini kabisa. Na makandambili muguu hausikii pedale iko wapi.

Unga wa maziwa, bati mbili kubwa.

Costume ya njano, koti na suruali. Koti nitalipunguza ku mabega, jina la mugongo nitafumua sehemu ya kwanza na kuacha «Pedale». Suruali iko na kitambaa cha kutosha kumushonea Lucien. Usiikate wewe.